Tulimtaka Aendelee Kupiga Mayowe

(Maneno niliyoyasema jioni moja jijini Dar es Salaam mbele ya kikundi cha wapenzi wa muziki. Nimeyaandika upya kidogo ili yasomeke.)

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya bendi inapobadili muziki wake na jinsi wapenzi wake wanavyogawanyika. Mifano ipo mingi, lakini nitachukua bendi moja tu, Linkin Park ya California, kwa sababu ndiyo bendi niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoikosea. Nikizungumza juu ya bendi nyingine nitakuwa nasimulia habari za watu. Hii naisimulia kutoka ndani.

Nilikutana nayo Tanga mwaka 2004, nikiwa kidato cha tatu. Baba alikuwa amefariki mapema mwaka ule. Mimi ndiye binti mkubwa nyumbani, na tangu siku ya kwanza ya msiba kila mtu mzima aliyeingia mlangoni aliniambia neno lilelile: jikaze. Mama analia, wadogo zako wanakutazama, jikaze. Nikajikaza. Matanga yakaanuliwa, watu wakaondoka, shule ikafunguliwa, na mimi bado nimejikaza, taya zinauma.

Kaka yangu alirudi kutoka Dar na CD ya kuchoma, imeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi: Meteora. Sikujua ni neno gani. Nikaiweka kwenye redio sebuleni mama akiwa sokoni. Uko wimbo mle unaitwa Faint. Unaanza kwa vinanda vinavyokwenda mbio, kisha Mike Shinoda anaingia anachana, yaani anarap, maneno yamepangwa kama askari, halafu kwenye kiitikio anaingia Chester Bennington. Mnaoijua sauti ile mnajua ninachosema. Anaanza anaimba, na mwishoni haimbi tena, anapiga mayowe, na mayowe yale hayatoki kwenye noti. Nilikaa sakafuni karibu na redio. Kiingereza changu kilikuwa cha shuleni na maneno mengi yalinipita. Lakini nilielewa kwamba kuna mtu mzima, mwanamume, ambaye hakuambiwa ajikaze, au aliambiwa akakataa.

Nililia siku ile kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Nawaambieni haya mapema ili mtakaposikia nilivyokuja kuwasema vibaya mbeleni, mjue nilikuwa namsema nani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Bendi hii ilianza mwaka 1996 huko Agoura Hills, nje kidogo ya Los Angeles, ikiitwa Xero. Shinoda, mpiga gitaa Brad Delson na mpiga dramu Rob Bourdon walikuwa marafiki wa shule. Joe Hahn, mtu wa santuri, Shinoda alimpata kwenye chuo cha sanaa cha Pasadena ambako wote wawili walikuwa wanasomea uchoraji. Chester aliletwa mwaka 1999 kutoka Phoenix, Arizona. Tarehe 24 Oktoba 2000 wakatoa albamu ya kwanza, Hybrid Theory, nyimbo 12 ndani ya dakika 38 hivi. Ilikuwa albamu iliyouzwa kuliko nyingine zote Marekani mwaka 2001. Wimbo wa Crawling ukawapatia tuzo ya Grammy mwaka 2002. Meteora ikafuata Machi 2003, imejengwa kwa mbao zilezile.

Nasema mbao zilezile kwa heshima, maana ufundi wake ulikuwa mkubwa. Gitaa la mkwaruzo la Delson, zito na lililopangwa kwa nidhamu. Hahn anakwaruza santuri katikati. Shinoda anachana ubeti, Chester anaupandisha. Wimbo ukifika dakika ya tatu umekwisha, hakuna pumzi iliyopotea. Hakuna tusi hata moja katika albamu zile mbili, jambo lililonisaidia sana nyumbani kwetu, kwa sababu mama alisimama mlangoni siku moja akasikiliza wimbo mzima akitafuta cha kukataza, asikipate, akarudi jikoni.

Ndiyo maana sisi tuliojiunga wakati ule tulidhani tunaijua bendi hii. Tulijua gitaa litaingia wapi. Tulijua sekunde ambayo Chester ataacha kuimba na kuanza mayowe, na tuliisubiri sekunde ile kama mtu anavyosubiri dawa ifanye kazi.

Mei 2007 ikatoka Minutes to Midnight. Mtayarishaji mpya, Rick Rubin, akishirikiana na Shinoda mwenyewe. Shinoda, mtu wa kuchana, anachana katika nyimbo mbili tu albamu nzima. Delson anapiga solo za gitaa, jambo ambalo zamani hakulifanya. Kuna nyimbo za polepole, kuna maneno juu ya vita na serikali, na kwa mara ya kwanza kuna lugha kali kiasi cha albamu kubandikwa onyo kwa wazazi. Marekani peke yake waliuza zaidi ya nakala 600,000 katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo msidhani wapenzi walikimbia. Walinunua, wakaenda nayo nyumbani, na huko ndiko ugomvi ulikoanzia. Wako waliosema hatimaye wamekomaa. Wako waliosema wamelainika. Mimi nilikuwa Dar wakati huo, mwaka wa kwanza chuoni, nikasema wamelainika. Nilisema kwa sauti kubwa bwenini, na nilikuwa na wasikilizaji.

Hapa nimlete mjomba wangu, ndugu yake mama, mtu wa dansi tangu ujana wake. Nilikwenda kwake Temeke likizo ile, nikamlalamikia. Mjomba hakuijua Linkin Park na hakutaka kuijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Sasa mtindo huu mpya wameupa jina gani?»

Nikamwambia hawakuupa jina, ni albamu tu.

Akatikisa kichwa. Kwake hilo lilikuwa kosa la adabu. Vijana waliokuja leo huenda hawajui, lakini wazee waliopo hapa wanajua: bendi zetu za dansi hazikuwa na nyimbo tu, zilikuwa na mitindo, na mtindo ulikuwa na jina. Mlimani Park ni Sikinde, mpaka leo mtu akisema Sikinde hahitaji kumaliza sentensi. Maquis walikuwa na Kamanyola, wakaja na Ogelea Piga Mbizi. Vijana Jazz walipita kwenye mitindo kadhaa, na mmoja wao uliitwa Bomoa Tutajenga Kesho. Bendi ikibadili muziki ilitangaza. Mpenzi alijua kwamba jana ilikuwa vile na leo ni hivi, akaenda ukumbini kujionea, na akirudi amekasirika, alikuwa amekasirikia mtindo, si watu. Jina lilikaa katikati yake na wanamuziki kama meza.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Kwa wenzetu wa roki hakuna meza hiyo. Sauti ya bendi na bendi yenyewe ni kitu kimoja machoni pa mpenzi, kwa hiyo sauti ikibadilika anasema: si wao tena. Hasemi mtindo huu siupendi. Anasema wamekufa, wameuza, wametusaliti. Angalieni ukubwa wa maneno hayo kwa jambo la gitaa kupunguzwa.

Tuendelee. Septemba 2010, A Thousand Suns. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo albamu niliyoichelewa zaidi, na leo ndiyo naiona kazi yao kubwa kuliko zote.

Ni albamu ya hofu ya bomu la nyuklia. Jina lake linatoka katika maneno ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, yaliyohusishwa na Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la kwanza la atomiki. Sauti ya Oppenheimer mwenyewe, akiwa mzee, imo ndani. Imo pia sauti ya Mario Savio, kiongozi wa wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, na ya Martin Luther King akizungumza dhidi ya vita. Nyimbo zinaingiana, moja inamwagika kwenye nyingine, na katikati kuna vipande vifupi ambavyo si nyimbo kamili. Gitaa zito limekuwa mgeni. Mahali pake pamekaa vinanda, kompyuta, sauti za watu wengi wakiitikia kwa pamoja.

Na kuna ngoma. Wimbo wa When They Come for Me unabebwa na ngoma kubwa, nzito, zinazopigwa kwa pamoja, na mtu aliyekulia pwani hii hahitaji kufundishwa namna ya kuzisikiliza, mwili unajua. Humo humo Shinoda anawajibu waziwazi wale wanaotaka kila kipya kifanane na cha kwanza. Alikuwa ananijibu mimi. Sikumsikia, kwa sababu nilisikiliza albamu ile nikiwa na kalamu mkononi, ninahesabu. Gitaa: halipo. Mayowe: machache. Santuri: ziko wapi? Nilisikiliza kama karani wa ghala anayehakiki mzigo uliopungua, na karani hasikilizi muziki.

Wenzangu waligawanyika vibaya kuliko mwaka 2007. Wako walioilinganisha na Kid A ya Radiohead, ya mwaka 2000, bendi nyingine ya roki iliyoweka gitaa kando na kufuata vinanda na kompyuta, ikalaumiwa, kisha ikasifiwa. Wako walioapa kutonunua tena. Ilianza namba 1 kwenye chati ya mauzo Marekani, lakini kwa nakala zipatazo 241,000, na sisi wa upande wa lawama tukaishika namba hiyo kama hati ya hukumu. Hatukujali kwamba miaka ile kila mtu duniani alikuwa anaacha kununua CD.

Living Things ya mwaka 2012 ilikuwa suluhu, nusu ya zamani na nusu ya mpya, na sina mengi ya kusema juu yake.

Lakini ya mwaka 2014 inanihusu, kwa sababu ndiyo iliyonifunulia jambo. The Hunting Party ilikuwa na kila tulichodai: gitaa kali, dramu za kasi, mayowe tangu wimbo wa kwanza. Waliita wageni wenye majina makubwa, Tom Morello, Daron Malakian, Page Hamilton, Rakim. Baada ya albamu nne mfululizo kuanza namba 1 Marekani, hii ilianza namba 3, kwa nakala 110,000 hivi. Soko lilikuwa limeshuka, hilo nimeshalisema, na sitaki kuijengea namba moja nyumba nzima. Nawaambieni tu nilichokiona upande wangu. Niliisikiliza mara tatu nikaiacha. Wenzangu wengi wa bwenini, watu waliolia miaka saba wakitaka gitaa, hawakujua hata kama imetoka. Gitaa lilikuwa limerudi na bado hatukuridhika.

Ndipo nilipaswa kujiuliza: kama si gitaa, tulikuwa tunalilia nini? Sikujiuliza. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mtoto mchanga, nikapita.

Februari 2017 ukatoka wimbo wa Heavy. Chester anaimba na dada mmoja kijana anayeitwa Kiiara. Hakuna gitaa zito. Wameuandika pamoja na Julia Michaels na Justin Tranter, watunzi wanaojulikana kwa nyimbo za pop. Albamu yake, One More Light, ikafuata tarehe 19 Mei. Hakuna mayowe hata mamoja. Hasira iliyotoka kwa wapenzi sijawahi kuiona mfano wake. Watu waliandika kwamba bendi imejiuza kwa redio. Waliandika kwamba wimbo unaitwa uzito na hauna uzito wowote. Hilo la mwisho niliandika mimi pia, kwa maneno yangu, na watu wengi wakalipenda. Wengine waliipokea vizuri, lazima niseme hivyo, na albamu ilianza namba 1. Lakini sauti yetu sisi ilikuwa kubwa.

Juni mwaka huo walipanda jukwaa la Hellfest, huko Clisson, Ufaransa, tamasha la muziki wa metali. Sehemu ya umati iliwazomea walipoingiza nyimbo mpya.

Tarehe 20 Julai 2017, Chester Bennington alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 41.

Naomba nisieleweke vibaya, na hapa napima kila neno. Sisemi kwamba lawama za wapenzi zilimuua. Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja, na mtu wa mbali kama mimi hana haki ya kukitafutia sababu. Chester alikuwa ameeleza hadharani kwa miaka mingi kwamba alidhulumiwa kingono akiwa mtoto, kwamba alipambana na dawa za kulevya na pombe. Rafiki yake mkubwa, mwimbaji Chris Cornell, alikuwa amefariki siku moja tu kabla ya albamu kutoka. Hayo ni mazito kuliko maneno yangu yote. Nazungumzia kitu kingine. Nazungumzia nilichokuwa nimekataa kusikia.

Mwanzoni mwa mwaka ule, katika mahojiano juu ya wimbo huohuo wa Heavy, Chester alieleza kwamba kichwa chake mwenyewe ni mtaa mbaya, na kwamba hapaswi kukaa humo peke yake. Aliyasema wazi, mchana, na maneno ya wimbo yalisema vilevile: mtu amebeba kitu na anajiuliza kwa nini hawezi kukitua. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha kutosha wakati huo. Nilikuwa na miaka 29. Nilisikia kila neno na nikasema hauna uzito, kwa sababu uzito nilikuwa naupima kwa gitaa.

Na wimbo uliobeba jina la albamu, One More Light, waliutunga wakimkumbuka mwenzao wa kampuni ya rekodi aliyefariki kwa saratani. Ni wimbo wa msiba. Unauliza, nani anajali nyota moja ikizimika angani kwenye nyota mamilioni, na unajibu: mimi najali. Ni gitaa jepesi, vinanda laini na sauti ya mtu. Hakuna dramu ya kujificha nyuma yake. Niliuruka mara ya kwanza niliposikiliza albamu, kwa sababu ulikuwa wa polepole. Binti wa Tanga aliyekaa sakafuni kwa ajili ya msiba wake aliuruka wimbo wa msiba, kwa sababu haukupigiwa mayowe.

Usiku wa habari zile nilirudi nikausikiliza. Mume wangu aliamka akanikuta jikoni. Na nikajua, kwa kuchelewa sana, tulichokuwa tunalilia tangu mwaka 2007. Tulitaka mayowe ya Chester. Gitaa lilikuwa kisingizio. Tulitaka mtu yuleyule asimame pale pale kwenye jeraha lile lile aliloingia nalo akiwa kijana, alie kwa niaba yetu kila tunapobonyeza kitufe, miaka 17, na asipone, maana akipona nani atatulilia? Alipojaribu kusema maumivu yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu mzima anayezungumza na mwenzake usiku, tukamwambia hii si kazi tuliyokuajiria.

Mimi niliambiwa nijikaze nikiwa na miaka 16 na nilijua ubaya wake. Yeye nilimwambia kinyume chake, usiache kulia, na sikuona kwamba amri ni amri.

Mtu ataniuliza, basi dada, ina maana mpenzi hana haki ya kutopenda? Anayo. Mpaka leo kuna nyimbo mbili tatu katika One More Light ninazoziona dhaifu, zimelainishwa na kompyuta mpaka hazina kona, na nikisema nimezipenda nitakuwa nawadanganya. Minutes to Midnight nayo ina nyimbo za katikati ambazo hazikamatiki. Mwanamuziki anaweza kubadilika na akakosea. Anaweza kufuata soko kweli. Mpenzi akisema wimbo huu haukunigusa, amesema ukweli wake, na mwanamuziki mwenye akili atausikia. Ninalolikataa ni lile neno usaliti, kwa sababu linadai kwamba kulikuwa na ahadi. Mimi nilinunua, tena CD ya kuchoma ambayo bendi haikupata senti yake, dakika 36 za mwaka 2003. Hakuna aliyeniahidi mwaka wa 2017.

Oktoba 2017 wenzake waliobaki walifanya onyesho la kumkumbuka katika Hollywood Bowl, Los Angeles. Walipofika kwenye wimbo wao wa Numb hawakuweka mwimbaji. Kipaza sauti kilisimama peke yake mbele ya jukwaa, bendi ikapiga, na umati ukaimba wote tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimeiangalia video ile mara nyingi. Maelfu ya watu wanaimba sehemu ya Chester, pamoja na mayowe yake, wanayapiga wao wenyewe kwa vifua vyao. Nilijiuliza kwa nini hatukuwahi kumpunguzia mzigo huo akiwa hai.

Miaka saba ilipita bila bendi. Septemba 2024 wakarudi na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, kutoka bendi ya Dead Sara, na mpiga dramu mpya, Colin Brittain. Novemba wakatoa From Zero, jina linalokumbusha lile la kwanza kabisa, Xero. Gitaa limo, mayowe yamo, Shinoda anachana. Mgawanyiko ukaanza upya siku ileile. Kuna waliolia kwa furaha. Kuna waliokasirika kwamba ni mwanamke, kuna wenye malalamiko mengine juu yake yasiyo ya muziki, ambayo sitayagusa leo. Na kuna waliosema: bila Chester hii si Linkin Park. Nawaelewa hao wa mwisho, uchungu wao ni wa kweli. Lakini baadhi yao nawajua kwa majina, tulikuwa pamoja mwaka 2017, na wakati ule tulisema: hii si Linkin Park, Chester akiwa amesimama pale pale mbele yetu anaimba.

Mjomba wangu bado yupo, ana miaka 74. Mwezi uliopita nilimpelekea wimbo wa huyu dada mpya kwenye simu. Akasikiliza, akaomba urudiwe. Halafu akauliza swali lake la mwaka 2007, mtindo wameuitaje? Nikamwambia safari hii wameupa jina, Kutoka Sifuri. Akaridhika kabisa, akasema sasa wamefanya adabu, na tukaendelea kula.

Nimalizie kwa kuwaomba jambo moja la vitendo. Nimekuja na rekodi mbili za wimbo mmoja, Crawling. Ya kwanza ni ya mwaka 2000, mnaijua, ndiyo iliyopata Grammy. Wimbo huo Chester alieleza kuwa unahusu dawa za kulevya na mtu aliyeshindwa kujitawala mwenyewe, na mle ndani anaupigia mayowe mpaka unahisi koo lake. Ya pili ni ya ziara ya mwaka 2017, majira yale yale ya kuzomewa. Shinoda yuko kwenye piano. Dramu zimenyamaza, gitaa limenyamaza, hata santuri za Hahn hazipo. Chester anaimba maneno yale yale, kiitikio kile kile, na pale ambapo sote tunajua mayowe yanakuja, anaimba tu.

Fundi wetu wa vyombo ameziweka tayari. Naomba tuanze na ya zamani, kwa sauti kubwa, kama inavyostahili. Ikiisha tusipige makofi. Tupunguze taa, tuipe nafasi hiyo ya pili, na tuisikilize mpaka piano inyamaze. Asanteni sana.